Karani Hajaandika Nywila, Faili Yako Imefunguka: Je, Ni Salama?

Wakazi wengi waliofika kaunta kulipia leseni ya biashara au kodi ya ardhi wameona jambo hili. Karani anabofya mara moja, ukurasa wenye jina la mlipaji na nambari ya ploti unafunguka, na hakuna mahali alipoandika nywila. Mkazi aliyezoea kuulizwa nywila kila anapoingia eCitizen ana haki ya kujiuliza: ikiwa karani hakujitambulisha, ni nani mwingine anayeweza kufungua rekodi yangu?

Mahali ambapo mfumo umewekwa sawasawa, karani alijitambulisha, ila alifanya hivyo asubuhi alipowasha kompyuta. Utaratibu huu huitwa kuingia kiotomatiki. Unatumika katika afisi za serikali, benki, hospitali na kampuni zenye tovuti ya ndani, yaani tovuti ambayo wafanyakazi pekee huifikia kupitia mtandao wa afisi. Makala haya yanaeleza unavyofanya kazi na mahali unapoweza kuharibika. Wenye SACCO, shule na kampuni ndogo wanaofikiria kuuweka watapata humu mambo ya kumwambia fundi wao.

Fikiria jengo kubwa la mjini. Askari wa langoni hukagua kitambulisho chako mara moja na kukupa beji. Ukifika ghorofa ya tatu huonyeshi kitambulisho tena, unaonyesha beji. Kwenye mtandao wa afisi, askari huyo ni seva inayotunza akaunti za wafanyakazi wote. Karani akiandika nywila asubuhi, seva humpa tiketi ambayo kwa kawaida hudumu saa 10. Akifungua tovuti ya ndani, tovuti humwambia kivinjari, "Jitambulishe." Kivinjari hurudi kwa seva, huonyesha tiketi ya asubuhi, hupewa tiketi nyingine ya tovuti hiyo pekee, kisha huiwasilisha. Haya yote huisha kabla karani hajainua macho.

Jambo la kutia moyo ni kwamba nywila yenyewe haisafiri kwenda kwenye tovuti hata mara moja. Itifaki inayofanya kazi hii ni Kerberos, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani miaka ya 1980 na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango katika hekaya za Wagiriki. Kompyuta za Windows zimeitumia tangu Windows 2000.

Upande wa seva kazi si nyingi. Ikiwa tovuti inaendeshwa na IIS ya Microsoft, fundi huzima ruhusa ya kuingia bila jina na kuwasha utambulisho wa Windows. Kisha husajili jina la huduma kwa amri ya setspn -S, ili seva ya akaunti ijue tiketi ya tovuti hiyo ni ya akaunti gani. Jina moja likisajiliwa kwa akaunti mbili, Kerberos hukataa, na amri ya setspn -X huonyesha majina yaliyojirudia. Afisi inayonunua kompyuta izingatie pia kwamba Windows ya toleo la Home haiwezi kujiunga na mtandao wa aina hii. Linahitajika toleo la Pro au la juu zaidi. Na afisi yenye kompyuta tatu tu haina haja ya kuingia gharama hii.

Matatizo mengi huwa upande wa kivinjari. Kivinjari hakitoi utambulisho wa mfanyakazi kwa tovuti yoyote inayouliza. Kwanza huangalia kama tovuti hiyo ni ya ndani. Windows hutambua hilo kwa njia ambayo huwashangaza hata mafundi: huangalia nukta. Anwani fupi kama http://wafanyakazi haina nukta, hivyo huhesabiwa kuwa ya ndani na mlango hufunguka. Anwani ndefu ya tovuti ile ile, tuseme http://wafanyakazi.kampuni.local, ina nukta, na isipoelezwa vingine huhesabiwa kuwa ya intaneti ya nje. Hapo kisanduku cha kuuliza jina na nywila hujitokeza. Hali huwa hivyo pia mtu akitumia nambari za anwani ya IP badala ya jina, na kwa kawaida Kerberos haifanyi kazi kabisa na nambari hizo.

Kisanduku hicho si usumbufu mdogo. Mfanyakazi anayekutana nacho mara tano kwa siku huzoea kuandika nywila yake bila kusoma kinachoulizwa. Siku tapeli atakapomtumia ukurasa wa uongo wenye kisanduku kinachofanana, ataandika vilevile, na rekodi zitakazokuwa wazi ni za mkazi.

Tiba ni fundi kuiandika anwani kamili ya tovuti katika orodha ya maeneo na kuipa nambari 1, ambayo Windows huisoma kuwa mtandao wa ndani. Nambari 2 ni tovuti za kuaminiwa, 3 ni intaneti, na 4 ni zilizozuiwa. Orodha hiyo husambazwa kwa kompyuta zote kutoka kwenye seva kupitia Group Policy, bila kuzunguka meza kwa meza. Internet Explorer iliachwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022, lakini mpangilio huu wa maeneo bado husomwa na Edge na Chrome kwenye Windows. Firefox ina orodha yake yenyewe, nayo hujazwa kando kwenye about:config, katika kipengele cha network.negotiate-auth.trusted-uris.

Kuna njia ya mkato ambayo haifai kuguswa. Fundi aliyechoshwa na malalamiko anaweza kuwasha kuingia kiotomatiki kwa tovuti zote, pamoja na za intaneti. Kisanduku kitapotea kweli, lakini sasa kompyuta itakuwa tayari kujibu tovuti yoyote duniani inayosema "Jitambulishe." Kwa kuwa tovuti ya nje haina tiketi ya Kerberos, kompyuta hurudi kwenye mbinu ya zamani iitwayo NTLM, na jibu lake linaweza kuchukuliwa na mhalifu akakaa nalo akikisia nywila hadi aipate. Ukimwajiri fundi, muulize swali hili moja: "Umeruhusu tovuti zipi?" Jibu liwe orodha fupi ya majina.

Kuna pia suala la saa. Tiketi hubeba muda, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Pale umeme hukatika mara kwa mara na ile betri ndogo ndani ya kompyuta imekufa, saa inaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Karani atakuambia "sistimu iko chini" ilhali sistimu iko sawa, ni saa yake iliyopotea. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Turudi kwa mkazi aliye kaunta. Kutambuliwa si sawa na kuruhusiwa. Tiketi husema tu huyu ni nani. Mfumo wa kodi ndio huamua kama anaweza kusoma rekodi yako, kuibadilisha, au asiione kabisa. Faida kwako ni kwamba kila badiliko linaweza kuandikwa kwa jina la mfanyakazi mmoja. Kiwango cha deni lako kikibadilika, inawezekana kujua ni akaunti ya nani iliyofanya hivyo na saa ngapi. Makarani wanne wakitumia nywila moja iliyobandikwa ukutani, hilo halijulikani.

Lakini faida hiyo hutegemea kompyuta kufungwa. Karani akienda chai na kuacha skrini wazi, yeyote atakayeketi pale ataingia kila mahali kwa jina lake bila kuulizwa chochote. Kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L hufunga skrini papo hapo. Ukikuta kompyuta ya kaunta iko wazi bila mtu, si utovu wa adabu kumwita msimamizi na kumwonyesha.

Usichanganye utaratibu huu na kivinjari cha saiba kinachokuuliza kama kihifadhi nywila yako. Pale hakuna tiketi. Nywila yako itabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kataa, kisha ondoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, una haki ya kuona taarifa zako zinazotunzwa na afisi yoyote, ya umma au ya kibinafsi, na kutaka zenye makosa zirekebishwe. Unapoandika ombi, taja nambari ya ploti au ya leseni na tarehe ulizohudumiwa. Usipojibiwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.