Kumbukumbu Tupu na Kumbukumbu Inayopatikana: Istilahi za Kupima Utendaji wa Kompyuta

Miongoni mwa maandiko yanayoletwa kwetu ili yakaguliwe lugha, miongozo ya watunzaji wa kompyuta inazidi kuongezeka. Mwongozo mmojawapo, uliotafsiriwa na ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, ulikuwa na agizo hili: kumbukumbu ya bure ikikaribia kwisha, kumbukumbu nyingine inunuliwe. Sarufi ya agizo hilo haina kasoro, lakini anayelifuata atatumia fedha za umma bila sababu. Kosa limetokana na neno moja tu. Katika makala haya tunakusudia kulieleza kosa hilo na kupendekeza istilahi zitakazoliepusha.

Mwongozo huo unahusu programu iitwayo vmstat, ambayo hupatikana katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, ukiwamo Linux ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Programu hii haina picha wala vitufe. Mtunzaji huandika amri, nayo kompyuta humjibu kwa tarakimu zilizopangwa katika safu. Akiandika vmstat 5, hupata mstari mpya kila baada ya sekunde 5. Yafaa mfasiri amwonye msomaji mapema kwamba katika safu nyingi, ila zile za kumbukumbu, mstari wa kwanza hauelezi hali ya wakati huo. Huo ni wastani tangu kompyuta ilipowashwa. Hali ya sasa huanza kuonekana katika mstari wa pili.

Safu iliyomponza mfasiri wetu ni ile yenye kichwa free. Neno hilo la Kiingereza lina maana nyingi, na kila moja ina neno lake katika Kiswahili: bure, huru, wazi, tupu. Kinachopimwa hapa ni kumbukumbu ambayo haijawekwa kitu chochote. Hivyo si ya bure, kwa kuwa ilinunuliwa. Wala si huru, kwa kuwa haikufungwa. Ni tupu.

Ili tofauti hiyo ieleweke, tuchukue mfano wa masjala. Karani akishatumia jalada, haharakishi kulirudisha kabatini. Huliacha mezani, maana huenda likaulizwa tena. Baada ya saa chache meza imejaa, na sehemu tupu ni ndogo mno. Je, karani huyo anahitaji meza kubwa zaidi? Hasha. Kazi mpya ikija, huyaondoa majalada ya zamani na nafasi ikapatikana. Linux hufanya vivyo hivyo: yaliyosomwa kutoka diski huachwa katika kumbukumbu, ili yakihitajiwa tena yasomwe upesi. Kwa hiyo kompyuta yenye gigabaiti 8 yaweza kuonyesha gigabaiti 0.2 tu zilizo tupu, ilhali gigabaiti 5 zimeshikwa na majalada ya namna hiyo, na nyingi kati ya hizo zaweza kutolewa mara moja. Kwa sababu hiyo, toleo la 3.14 la Linux la mwaka 2014 liliongeza kipimo cha pekee kinachokadiria kumbukumbu ambayo programu mpya zaweza kupewa. Hicho tunapendekeza kiitwe kumbukumbu inayopatikana.

Safu ya majalada hayo huandikwa cache. Wafasiri huvutiwa na neno akiba, lakini tunaona halifai. Mswahili husema akiba haiozi, akimaanisha kitu kilichotengwa kisiguswe mpaka siku ya haja. Kinachozungumzwa hapa hutupwa wakati wowote bila majuto. Tunapendekeza hifadhi ya muda.

Yako maneno mengine mawili ya kuangaliwa. Safu ya id huonyesha asilimia ya muda ambao prosesa haikuwa na kazi. Kuuita muda huo uvivu ni kuilaumu mashine isiyo na hatia. Tuseme muda usio na kazi. Safu ya wa ni muda kama huo, ila tu ipo kazi inayongoja diski. Huo tuuite muda wa kungoja diski.

Basi, agizo lile lingepaswa kusemaje? Dalili ya upungufu wa kweli iko katika safu za si na so, zinazoonyesha kiasi cha kumbukumbu kinachorejeshwa kutoka diski na kinachopelekwa huko kila sekunde. Zikisoma sufuri, au zikipanda mara moja na kushuka, hakuna la kuhofia. Zikiwa na tarakimu kubwa mstari baada ya mstari, huku kumbukumbu inayopatikana ikiwa ndogo, hapo ndipo ununuzi ufikiriwe.

Ni dhahiri kwamba mfasiri hakukosea kamusi. Alikosa kuuliza kinachopimwa ni nini. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maoni kabla hayajasanifishwa.