Jaji Warioba na cheti cha meli

Watu wakigombania kibanja hapa Kihanga, swali la kwanza la wazee ni karatasi ya mauziano: iko wapi, na iliandikwa lini? Mwaka 1999, mjini Hamburg, Joseph Sinde Warioba aliuliza swali hilohilo juu ya meli.

Tumezoea kumwita Jaji Warioba, ingawa hakuwahi kuwa jaji wa Mahakama Kuu yetu ya Tanzania. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Waziri wa Sheria, kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Ujaji ulikuja 1996, alipochaguliwa miongoni mwa majaji 21 wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, hiyo ya Hamburg.

Meli yenyewe ni Saiga, iliyokuwa ikiuzia mafuta meli za uvuvi. Guinea iliikamata Oktoba 28, 1997, na nchi ya Saint Vincent na Grenadines ikafungua kesi kuitetea. Sasa tazama tarehe. Cheti cha muda cha usajili kilikwisha Septemba 12; cha kudumu kilitolewa Novemba 28. Siku ilipokamatwa, ilikuwa meli ya nchi gani? Majaji 18 waliona Saint Vincent ilijitambulisha kama mwenye bendera wakati wote, na Guinea haikupinga mapema. Wakaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 2. Warioba na Jaji Ndiaye wa Senegal walikataa. Mtu aliyewahi kuongoza serikali alishika tarehe za vyeti, akabaki katika wachache.

Katiba yetu haimzuii mwanasiasa kuwa jaji. Ibara ya 109 inadai sifa za sheria zilizodumu miaka 10. Ibara ya 113A inamkataza jaji kujiunga na chama, ila kura anapiga. Augustino Ramadhani, aliyeketi na Warioba katika Mahakama ya Afrika Mashariki tangu 2001, alikwenda njia ya kinyume, kutoka ujaji kwenda siasa: alistaafu Ujaji Mkuu, na 2015 akaomba kugombea urais kupitia CCM. Sheria iliruhusu. Mimi ningependa upite muda mrefu kwanza, maana hukumu hubaki zikisomwa.

Warioba naye alishika ushahidi tena Machi 2014, aliposimama Dodoma mbele ya Bunge Maalumu la Katiba. Chama chake, CCM, kilitaka Muungano wa serikali mbili. Yeye aliwasilisha rasimu ya katiba yenye serikali tatu, na takwimu za maoni ya wananchi mkononi.