Kwa nini mwili huelea, na kwa nini huzama

Kijana mmoja wa Bungoma aliniuliza, nikiwa kliniki hapa Kitale: mbona Mombasa alielea bila taabu, lakini katika mto Nzoia nusura azame?

Jibu ni chumvi na hewa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi. Ya mto, gramu 1,000. Maji mazito humwinua mtu zaidi. Mwili wetu unakaribia uzito wa maji ya mto, kwa hivyo mapafu ndiyo huamua: yakijaa hewa, wengi huelea, ukiitoa yote, wengi huzama. (Wembamba wenye misuli huzama upesi. Hapa kitambi kina faida!)

Ukipiga mbizi hadi mita 10, hewa ya mapafuni hubanwa ikawa nusu, na mwili huelekea kuzama wenyewe. Penye povu jingi, kama chini ya maporomoko ya Nabuyole huko Webuye, maji yamechanganyika na hewa na hayakuinui vyema.

Ukizidiwa, usipunge mikono juu. Mkono ulio nje ya maji huongeza uzito, nacho kichwa huingia chini. Lala chali, masikio yawe majini, jaza kifua hewa, tandaza mikono ndani ya maji, ndipo uite msaada.