Floridi katika Maji Yetu

Huenda mmesikia watu wa ng'ambo wakibishana juu ya floridi, madini yanayosaidia meno yasitoboke. Mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kuyatia katika maji ya bomba mwaka 1945. Mwaka 2025 jimbo la Utah likapiga marufuku jambo hilo. Je, na sisi Tabora tuyatie?

Tunasema hapana. Sehemu nyingi za Tanzania taabu yake ni floridi kuzidi, siyo kupungua. Kwa jirani zetu wa Singida na Shinyanga vipo visima vinavyopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekuzwa kwa maji hayo huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, yasiyotoka hata kwa kusugua na mkaa. (Wapo wanaomcheka kuwa hapigi mswaki, ni kumwonea tu.) Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo waliyatambua maji machungu ya Marenga Mkali kwa kuyaonja. Floridi haionjeki, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa hiyo kabla ya kunywa maji ya kisima kipya, ombeni wataalamu wa maji wayapime. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno.

Kuzuia meno kutoboka, dawa ya mswaki yenye floridi yatosha. Mtoto wa chini ya miaka 3 mtilieni kiasi cha punje ya mchele.