Filamu Moja, Sauti Mbili: Munakasha wa Vibandani Mbale

Katika mji wa Mbale, chini ya mlima ambao wenyeji huuita Masaba na ramani zikauandika Elgon, mtu asimamaye jioni mbele ya kibanda cha video na kuusoma ubao ulioandikwa kwa chaki ataona jambo lisilojulikana katika majumba makubwa ya sinema ya London: jina la filamu lipo, jina la mwigizaji pengine limeachwa, lakini jina la mfasiri, awe Jingo, awe Junior au Emmie, ndilo linaloulizwa kwanza.

Huyo ndiye aitwaye VJ, na kazi yake si tarjuma ya neno kwa neno. Huketi na maikrofoni, akaipunguza sauti ya Marekani, Hong Kong au Korea, akaisimulia hadithi kwa Kiganda huku akitia mzaha, onyo na methali, hata jambazi wa Chicago akawa anakimbilia Katwe, mtaa wa Kampala. Sanaa hii ilianza Kampala mwishoni mwa miaka ya 1980, papo kwa papo mbele ya hadhira. Siku hizi sauti hurekodiwa, na filamu husafiri hadi mashariki ya Uganda ndani ya diski na flashi.

Kwa kuwa filamu moja yaweza kusimuliwa na VJ wawili au watatu, kila mmoja kwa lahani yake, mabishano hayana kikomo. Karibu na mnara wa saa niliwasikia waendesha bodaboda wawili wameshikana maneno, abiria akingoja. “Huyo wako anamsemesha jemadari mambo ambayo hakuyasema,” alidai mkubwa. “Mzee, wewe Kikorea umekijua lini?” akauliza mdogo, na watu wakacheka. Walakini mkubwa hakukubali kushindwa: jemadari alikuwa analia, alisema, na mtu aliaye juu ya maiti ya mwanawe hafanyi mzaha. Hapo mdogo alinyamaza. Sijasoma katika magazeti yetu uhakiki wa filamu wenye hoja iliyo wazi kuliko hiyo, yenye ushahidi uliotolewa katika picha yenyewe.

Wako wanaouliza, na wana haki, kwa nini Mbale isikilize Kiganda ilhali ni mji wa Wamasaba. Jibu limo katika tarikhi: Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyeuasisi mji huu mwanzoni mwa karne ya ishirini, alikuja na wafuasi wake na lugha yao, na lugha hiyo ikakaa sokoni na barazani hata baada ya utawala wake kwisha. Kiswahili nacho kina wafasiri wake, DJ Afro kule Kenya na Lufufu aliyevuma Tanzania, na tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liamue mwezi wa Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima mashuleni, huenda siku moja VJ wa Mbale akakichagua. Kuhusu idhini ya wenye filamu, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 iko wazi, na vibanda vimeziba masikio; hilo silitetei.

Ninalolipinga ni dhana ya wasomi kwamba VJ ni kelele iliyopakwa juu ya kazi ya mwingine. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, ilipoenea duniani kwa njia ya intaneti ilienea na sauti ya VJ Emmie ndani yake, na wageni wasiopata kukanyaga kibanda waliipenda sauti ile sawa na mapigano, na wengine zaidi ya mapigano. Aliyeitazama filamu kwa Jingo na aliyeitazama kwa Junior wametazama kazi mbili, kila moja na mtungaji wake, nayo insafu yataka kila mtungaji ahukumiwe kwa jina lake. Nawaomba wahariri wa kurasa za burudani wawatume waandishi wao vibandani, wasikilize filamu moja kwa sauti mbili, kisha waandike nani ameitendea haki.