Usiondoke kabla ya kikombe cha tatu

Neno: Luka 10:5–8

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupita Addis Ababa kubadilisha ndege. Anayepata nafasi ya kutoka uwanjani na kukaribishwa nyumbani kwa Mwethiopia hukutana na chungu kidogo cheusi kiitwacho jebena. Ni cha udongo, chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba. Mara nyingi hakina kitako bapa, hivyo huketishwa juu ya kipete kinachofanana na ngata ambayo mama zetu huweka kichwani wanapobeba ndoo.

Kinapendeza, na mkono wa mgeni huenda haraka kwenye simu. Anapiga picha, anawatumia ndugu, kisha anaaga. Lakini amekiona chungu tu, hajaona kazi yake.

Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni na kuchoma ubani. Huosha buni, huzikaanga mbele ya wageni, kisha huzipitisha zikiwa bado zinatoa moshi ili kila mmoja anuse. Baadaye huzitwanga na kuzichemsha ndani ya jebena juu ya mkaa, huku wageni wakitafuna bisi au shayiri iliyokaangwa na kuzungumza.

Kahawa hiyo humiminwa mara tatu. Mzunguko wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, na wa tatu baraka. Kwa neno hilo la mwisho Mswahili hahitaji mkalimani. Kwa kuwa maji huongezwa juu ya kahawa ileile, kikombe cha tatu ndicho chepesi kuliko vyote. Aliyefuata kahawa tu ameshatosheka na cha kwanza. Anayekaa hadi cha tatu amewafuata watu.

Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, aliwaagiza waitakie amani kila nyumba watakayoingia, wakae humo, wale na kunywa watakachopewa, wala wasihamehame. Wao ndio waliobeba habari njema, lakini aliwataka kwanza wawe wageni, wapokee kutoka mikononi mwa wenyeji. Asiyekuwa na muda wa kupokea kikombe cha mwenzake, atampelekeaje Injili?

Mpendwa msomaji, jambo hili halingoji tiketi ya ndege. Mtaani kwako yupo jirani aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Nyumbani mwako huenda yupo mkwe wa kabila jingine, aliyekuja na ungo wake, chungu chake na namna yake ya kupika. Tunavisifu vitu hivyo mlangoni, lakini hatuketi kumwuliza nani alimfundisha kuvitumia, wala anamkumbuka nani anapovishika. Miaka inapita, tunavijua vyombo vyake na yeye bado mgeni.

Haraka hiyo tunaingia nayo hata kanisani. Wimbo wa mwisho ukianza, wengine tayari wako nje wakiwahi gari, na mchungaji anatamka baraka mbele ya mabenchi matupu.

Juma hili, mtembelee mtu mmoja ambaye mila zake si zako. Kula anachokuandalia. Kiulizie chombo kimoja kilichomo nyumbani mwake, kisha usikilize hadi mwisho. Na leo, ibada ikikaribia kwisha, keti. Baraka bado haijatolewa.