Masomo ya Wanawake Chuoni: Kipi Kweli, Kipi Uongo?

Mwambie mjomba kwamba binti yako amechagua masomo ya wanawake na jinsia chuo kikuu, kisha kaa usikilize. Bila shaka maneno yenyewe umeshayasikia, iwe harusini, kwenye daladala au hata kwa wahadhiri wa fani nyingine. Tuyapime.

“Mwanamume hana nafasi humo.” Uongo. Makerere walifungua idara yao mwaka 1991, na wavulana wanasoma. Tena wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, uliandikwa na Shaaban Robert, ambaye sote tunajua hakuwa bibi. Tusonge mbele.

“Ni mtindo wa Wazungu.” Nusu kweli. Kama idara ya chuo, sawa: Marekani walianza San Diego mwaka 1970. Lakini kinachosomwa humo hakikusubiri meli kutoka huko. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa wosia, na mwishoni akataja jina lake, kwao Pate, na mwaka wa utunzi, 1275 wa Hijria, yaani 1858 hivi. Wengi wameukariri kama somo la kumtii mume, wakaishia hapo. Darasani maswali huendelea. Mume huyo alipambana na Sultani wa Zanzibar hadi mwisho wa maisha yake. Mjane wake, akiwa mgonjwa, hakutaka maneno yake yapotee wala yapewe mtunzi mwingine. Mtu anayeweka saini na tarehe anajua thamani ya alichoandika.

“Historia yao ni masimulizi ya bibi tu, haina ushahidi.” Uongo, na bibi aombwe radhi. Kwa muda mrefu tulisimuliwa kwamba TANU ilijengwa na wanaume waliopita shule za misheni. Mwanahistoria Susan Geiger alikaa na wanawake waliokuwamo, Bibi Titi Mohamed akiwa mmojawapo, akachapisha maelezo yao mwaka 1997. Picha ikabadilika: kuanzia mwaka 1955 Bibi Titi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, aliwavuta wanawake wa Dar es Salaam kwenye chama kupitia vikundi vyao vya ngoma, wengi wao wakiwa Waislamu wasio na shule ndefu. Simulizi moja huweza kuteleza. Zikiwa nyingi, zikalinganishwa zenyewe kwa zenyewe na kumbukumbu za maandishi, huo ni ushahidi.

“Ukimsomesha mwanamke umeisomesha jamii.” Kweli, wazee walipatia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 ulipitia nchi 175, ukakadiria kwamba zaidi ya nusu ya upungufu wa vifo vya watoto chini ya miaka mitano, kati ya 1970 na 2009, ulitokana na elimu ya wanawake. Kinachonikera ni kuusikia msemo huu kana kwamba mwanamke husoma kwa faida ya wengine tu. Wangari Maathai alipopata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, fani yake ilikuwa anatomia ya wanyama. Labda aliipenda tu.

“Sayansi haimo.” Uongo mkubwa kuliko yote. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye majaribio ya awali ya dawa. Nia ilikuwa njema: dawa ya thalidomide ilikuwa imewalemaza maelfu ya watoto wakiwa tumboni mwa mama zao. Lakini matokeo yake ni kwamba dawa nyingi zilipimwa kwanza kwenye miili ya wanaume, kisha wanawake wakaandikiwa kipimo kilekile. Agizo hilo liliondolewa mwaka 1993, na mwaka huohuo sheria ikataka tafiti za tiba zinazolipiwa na taasisi za taifa za afya ziwahusishe wanawake.

Madhara yake hayakuisha siku hiyo. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem huchelewa kutoka kwenye damu ya mwanamke, hivyo anaweza kushika usukani asubuhi akiwa bado na dawa mwilini. Mwaka 2013 mamlaka hiyohiyo iliagiza kipimo cha wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5. Wakati huo dawa ilikuwa na miaka ishirini sokoni.